Mimbari Iliyonata

Swalihu bin Abdulkadiri, mkazi wa Nzuguni, alikuwa fundi wa kung'arisha mbao, na kama kung'arisha kungekuwa ugonjwa, yeye angekuwa amelazwa. Mafundi wengine walipiga vanishi, wakafunga vibanda, wakaenda zao nyumbani. Yeye alikwenda nyumbani na brashi. Siku moja mkewe, Salha, aliamka akakuta mwiko wake wa ugali unang'aa kama kioo cha saluni, akasongea hivyo hivyo, na nyumba nzima ikala ugali wenye harufu ya thina. Mlango wa choo ulikuwa umepakwa ukapakwa, hata wageni wakiuona walidhani ndiyo sebule, wakavua viatu. Na mkongojo wa mama yake, Bi Mwanne, aliupiga msasa na kuupaka mpaka ukawa unateleza mkononi kama kambare. Bi Mwanne akautupa uani, akasema heri aanguke kwa uzee kuliko kwa urembo.

“Mwanangu,” alimwambia, “kuna vitu Mungu alivitaka viwe vikavu.”

Swalihu hakuielewa lugha hiyo. Wazee wake waliingia bara na misafara ya biashara, wakachoka njiani, wakabaki, na kila aliyezaliwa katika ukoo ule aliuza kitu: huyu chumvi, yule nguo, mwingine mafuta ya taa. Yeye aliuza mng'aro. Kibanda chake cha mabati alikitumia pamoja na Masudi, seremala mwenye maneno machache na misumari mingi. Masudi alikata na kuunga, Swalihu alisugua na kupaka, na mteja alichukua kitanda ambacho angeweza kujitazama humo akichana nywele.

Asubuhi moja pikapu ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka Debora, mtumishi wa serikali katika ofisi moja huko mjini, na siku za Jumapili mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kanisa lao dogo la hapo hapo Nzuguni. Nyuma ya pikapu palikuwa na ubao mpana, mweupe kama sembe.

“Mama, karibu,” alisema Masudi, akauzunguka ubao. “Hiki ni kichwa cha kitanda.”

“Kilikuwa,” alisema Debora. “Kuanzia leo ni mimbari.”

Akaeleza. Jirani yake, mtaalamu kutoka Kanada, alikuwa amemaliza mkataba na kugawa vyombo vyake kabla ya kuondoka, naye Debora akaangukiwa na kitanda cha mti wa mepo, ule ambao Wakanada wameliweka jani lake kwenye bendera. Kitanda chenyewe hakikuingia mlangoni kwake. Na kanisani mimbari ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani, ikabaki ganda. Jumapili iliyopita Mchungaji Eliakimu aliigonga kwa ngumi alipofika kwa yule mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga, mimbari ikashuka yote miguuni pake. Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mahubiri.

“Lakini waumini wakijua mimbari yao ilikuwa kitanda?” aliuliza Masudi.

“Watasema ndiyo maana wanalala.”

Hakuwa anatania. Mchungaji Eliakimu alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzito na tamu, lakini mahubiri yake hayakuwa na mlango wa kutokea. Hata kama neno la siku lilikuwa la Mtume Paulo, yeye alianzia kwa Adamu, akampitia Nuhu na wanyama wake mmoja mmoja, na Paulo alipofika, wali wa Jumapili ulikuwa umeshaganda huko majumbani.

Masudi akakata, akaunga, na mimbari ikasimama, nyeupe, butu, haina neno la kusema. Swalihu akaichukulia kama kazi ya kawaida. Akaipiga msasa mkavu, kisha mwembamba, halafu akachukua tambara lenye maji aifute vumbi.

Hapo ndipo alipopatikana.

Maji yalipogusa mbao, mawimbi yalijitokeza. Mistari ya kivuli na nuru, imepangana kutoka juu hadi chini, na Swalihu alipoinamisha kichwa, mistari ilisogea. Ilikuwa kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza nzi bila kutumia mkia: mtetemo unapita, unarudi, unapita tena. Akaenda kushoto, ikaenda kulia. Akachuchumaa, ikapanda.

“Masudi! Inatembea!”

Masudi akaja, akaitazama mimbari, kisha akamtazama mwenzake. “Umekunywa chai leo?”

“Simama hapa. Sasa sogea. Umeona?”

Masudi akasogea. Akasogea tena. Mteja aliyekuja kuulizia stuli aliwakuta watu wazima wawili wakicheza kando kando mbele ya mimbari bila muziki, akaahirisha.

Shida ilikuwa rangi. Debora alikuwa amesema wazi kwamba mimbari iwe zambarau, ifanane na majoho ya kwaya. Na rangi za mbao alizokuwa nazo Swalihu zilikuwa za kahawia tu: kahawia ya mninga, kahawia ya mkangazi, na kahawia ambayo kwenye kopo ilikuwa na jina lingine lakini ilikuwa kahawia. Rangi ya mafuta ya zambarau ilikuwepo dukani, ila hiyo ingeyafunika mawimbi yote, na Swalihu alisema heri alale kitanda kimoja na mchwa kuliko kutenda dhambi ile. Alitaka rangi ya kuingia ndani ya mbao, si ya kukaa juu yake kama blanketi.

Akaanza kujaribu kwenye vipande vilivyobaki. Wino wa kalamu ulitoa madoa kama shati la mwalimu. Kiazi chekundu cha saladi kilitoa kitu ambacho Masudi alikitazama akasema, “Bucha.” Akanunua pamanganeti, ile dawa ya kuoshea vidonda. Hiyo iliingia zambarau safi kabisa, Swalihu akapiga kigelegele kama mwanamke, akaenda kumwita Masudi, na waliporudi kipande kilikuwa kimegeuka kahawia mbele ya macho yao.

“Hata dawa inajua kazi yako ni kahawia,” alisema Masudi.

Swalihu alikuwa ameketi juu ya kopo, shavu mkononi, Dorkasi alipopita na ndoo yake kichwani. Dorkasi aliuza zabibu kutoka mashamba ya Chamwino, zile nyeusi zinazoacha meno ya mlaji kama ya mzuka.

“Mbukwa, fundi!” alimsalimu kwa Kigogo. “Mbona umekaa kama umefiwa?”

“Mbukwa, dada. Nimefiwa na rangi.”

Akampa kishada kimoja cha kumliwaza. Swalihu akala, akafuta vidole kwenye kipande cha mepo kilichokuwa karibu, kama mtu yeyote asiye na adabu, kisha akatazama chini. Alama za vidole vyake zilikuwa zambarau. Na ndani ya zambarau ile mawimbi yalikuwa yamesimama wima, yanang'aa, yanatembea.

Alichukua ndoo nzima.

“Una harusi?” aliuliza Dorkasi.

“Nina mbao,” alisema Swalihu, na alikuwa ameshaanza kukimbia.

Salha aliporudi kutoka sokoni alikuta sufuria yake ya pilau iko jikoni, inachemka, imejaa kitu cheusi kinachotoa povu. Mumewe alikuwa anakoroga kwa ule mwiko unaong'aa.

“Baba Joha, hiyo ni nini?”

“Rangi, Mama Joha. Nikiikausha ikawa nzito, itashika vizuri zaidi.”

“Na mimi pilau nitapikia wapi?”

“Leo tule mkate.”

Harufu ya zabibu zinazochemka haijui kukaa nyumbani kwa watu. Ilitoka dirishani, ikavuka uzio, ikamfikia jirani yao Abubakari, mtu wa swala tano na pua nyepesi. Hakuchelewa kubisha hodi.

“Swalihu, ndugu yangu, sisi hatupendi umbea,” alianza. “Lakini tunasikia harufu ya kitu kinachopikwa.”

“Ni rangi ya mbao, Bwana Abubakari.”

“Ya zabibu?”

“Ya zabibu.”

“Ya nani?”

“Ya kanisa.”

Abubakari alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema atamwombea, akaondoka kinyumenyume. Kufika magharibi, msikitini watu watatu walikuwa wamemshika Swalihu mkono kwa huruma na kumwambia kwamba kila mtu hupitia majaribu.

Lakini kazi! Alipaka ule mchuzi kwa tambara, akaacha unywewe. Ulipokauka akausugua kwa msasa mwembamba, karibu autoe wote, ukabaki tu pale mbao ilipokuwa na kiu, ndani ya mawimbi. Akapaka tena. Akasugua tena. Kila duru giza lilizama na nuru ikapanda, mpaka mimbari ikawa kama mawingu ya mvua yaliyopigwa na jua kwa nyuma. Masudi aliisimamia muda mrefu, akatamka sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema kazini: “Hii, hata mimi nikipewa neno, nitahubiri.”

Ikabaki vanishi, na hapo upepo ukaingilia. Anayeishi Dodoma hahitaji kuambiwa habari za upepo wa kiangazi na vumbi lake. Ukipaka vanishi nje, jioni unavuna msasa. Swalihu akaihamishia mimbari sebuleni kwake. Akatoa makochi uani, akamwaga maji sakafuni vumbi lilale, akafunga madirisha, akapiga marufuku mtu yeyote kuingia, kupiga chafya au kukung'uta kanga. Wageni walisalimiwa kupitia dirishani. Bi Mwanne alihamia uani na ukili wake wa mikeka, akaketi juu ya kochi chini ya kamba ya nguo, akimwambia kila aliyepita kwamba mwanawe amemfukuza ampishe Mchungaji.

Kabla ya kupaka, Swalihu aliigusa mimbari kwa kidole. Kidole kilichelewa kidogo kurudi. Mtu mwenye akili timamu angengoja, maana sukari ya zabibu iliyochemshwa mpaka ikawa nzito haikauki, inajifanya tu. Lakini jubilei ilikuwa Jumapili hiyo, na mapenzi hayana macho. Alijiambia kwamba mbao imempenda, ndiyo maana haitaki kumwachia. Akaifunika kwa vanishi, utandu juu ya utandu.

Jumapili asubuhi, wakati wa baridi, mimbari ilikuwa kavu, ngumu, inang'aa. Debora alipoiona aliweka mkono mdomoni. Kwaya ikaimba ikiwa imejipanga kando yake, majoho na mbao rangi moja, na Swalihu, aliyealikwa kwa heshima, aliketi benchi la nyuma kabisa na kofia yake mapajani, akijibu kila “Bwana asifiwe” kwa “Asante sana, karibu kibandani.”

Mchungaji Eliakimu akapanda. Akaishika mimbari pembe mbili kwa viganja vyake vipana, kama mtu anayekamata beberu, akaanza na Adamu.

Alipomfikia Nuhu, jua lilikuwa limepanda kufika dirisha la mashariki, likaipiga mimbari kifuani. Vanishi ikaanza kulainika. Kwanza ilikuja harufu, tamu, ya joto, kama andazi linalopakwa jamu. Wazee waliokuwa wamesinzia wakafumbua macho. Kwenye kwaya, Dorkasi alinusa mara moja, akanusa mara ya pili, kisha akasema kwa sauti iliyosikika kanisa zima:

“Jamani, hizo si zabibu zangu?”

Ndipo nyuki wa kwanza alipoingia. Aliizunguka mimbari taratibu kama mnunuzi, akatoka nje. Akarudi na ukoo wake.

“Tembo, mke na mume,” Mchungaji alikuwa anasema, “twiga, mke na mume, nyuki…” Akanyamaza. Nyuki walikuwa juu ya Biblia. Nyuki walikuwa juu ya kipaza sauti, wakavuma kwenye spika zote kama ndege inayotaka kutua. Mchungaji akataka kuinua mkono awapunge. Mkono haukuinuka. Akajaribu wa pili. Mimbari ilimshika viganja vyote viwili kwa upendo wa dhati.

Watu waliona tu kwamba mchungaji wao ametulia, amekazia macho, haogopi nyuki hata mmoja. Mzee wa mbele akasema “Haleluya!” kwa hofu takatifu. Swalihu peke yake ndiye aliyejua, na alikuwa anateleza taratibu chini ya benchi.

Nyuki mmoja akatua kwenye pua ya Mchungaji, akawa anafikiria.

“Na kwa hayo machache,” alisema Mchungaji Eliakimu, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwahi kusikika mahali pale, “amina.”

Akajivuta. Ikasikika sauti kama gunia linalochanwa, naye akatoka kinyumenyume mpaka akaegemea ngoma za kwaya. Alikumbuka baraka. Akainua mikono yote miwili juu ya kusanyiko, na viganja vilikuwa zambarau tupu, vinatiririka. Watu wakapiga mayowe, wengine ya imani, wengine ya nyuki, wakatoka kwa milango yote. Nyumbani walikuta wali bado haujaiva. Hakuna aliyekumbuka kuona jambo kama hilo tangu kanisa lilipojengwa.

Swalihu alikwenda kwa Mchungaji siku hiyo hiyo, amekunja kofia mkononi. Alimkuta akinawa kwenye beseni, na maji ya beseni yalikuwa zambarau.

“Shikamoo, Mchungaji. Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, sukari ilikuwa mbichi.”

“Marahaba, fundi.” Mchungaji alivitazama viganja vyake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Swalihu akadhani analia, kumbe anacheka. “Nimehubiri miaka yangu yote nikitazama vichwa vilivyoinama. Leo wote walinitazama, hata mzee Erick, ambaye mimi sikuwahi kujua ana macho ya rangi gani. Itengeneze tu, ila usiibadili rangi.”

Mimbari ikarudi kibandani, ikavuliwa vanishi, ikaoshwa kwa maji ya moto mpaka nyuki wa mtaa mzima wakaisahau. Ikabaki swali lile lile la rangi. Swalihu alilileta nyumbani, akalisema kwenye chakula, akalisema baada ya chakula, mpaka Bi Mwanne aliyekuwa anasuka mkeka akachoka. Aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akamrushia pakiti ndogo ya karatasi. Ilikuwa rangi ya unga ya kutia ukili. Zambarau.

“Mama! Ulikuwa nayo siku zote?”

“Hukuniuliza, mwanangu. Ulinifukuza tu.”

Swalihu akaiyeyusha kwenye spiriti, akajaribu, ikazama ndani ya mepo kama iliyozaliwa humo. Akarudia kazi yote: kupaka, kusugua, kupaka. Safari hii alingoja. Aligusa kwa kidole, kidole kikarudi, akangoja tena.

Wakati huo Mchungaji alikuwa anahubiri akiwa amesimama mbali na samani yoyote, macho yakimcheza kwenye dirisha, na alimaliza mapema. Wiki ile Debora alipita kibandani, akaikagua kazi, akaguna kwa kuridhika, lakini hakuondoka.

“Fundi, wazee wa kanisa wanakusalimu. Wanasema usijichoshe. Kazi nzuri haitaki haraka.”

“Inakaribia kwisha, mama.”

“Wanasema hata ikichukua mwaka hawana neno.”

Kesho yake Dorkasi alileta kuku, akasema ni wa fundi, ale taratibu, apumzike. Swalihu aliguswa sana. Alimwambia Masudi kwamba hajawahi kuona wateja wanaoheshimu ufundi kiasi hicho, na kwa furaha akaongeza bidii, akaipeleka mimbari Jumamosi iliyofuata.

Jumapili Mchungaji Eliakimu aliijongelea kama mtu anayejongelea mbwa wa jirani. Akaigusa kwa kidole kimoja. Kidole kikarudi. Akaweka kiganja. Akaweka kiwiko. Uso wake ukafunguka kama mlango, akaishika pembe zote mbili, akavuta pumzi, akasema, “Hapo mwanzo.”

Mguno wa chini ukapita kanisa zima. Adamu akaja, akakaa. Nuhu akajenga safina, ubao kwa ubao. Mmoja baada ya mwingine vichwa vikainama, mzee Erick wa kwanza, kisha benchi lake, kisha safu nzima ya kwaya ndani ya majoho yao.

Swalihu hakulala. Jua lilikuwa linatembea kutoka dirisha hadi dirisha, na kila liliposogea, mawimbi ya mepo yalisogea nalo, zambarau ikifunguka na kujifunga, mtetemo ukipita, ukirudi. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kinywa wazi, na machozi yalikuwa karibu.

Mchungaji alimwona. Akasimama katikati ya sentensi.

“Mtazameni ndugu yetu Swalihu!” alinguruma, na watu wakashtuka kutoka usingizini. “Hata si wa kanisa hili, lakini hajapepesa jicho tangu nilipoanza. Huyu ana njaa ya neno!”

Kwaya nzima ikageuka nyuma ikamtazama kwa macho yasiyo na ukristo wowote. Swalihu, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, aliinamisha kichwa kwa aibu. Mchungaji akadhani ni ombi la kuongezewa, akafungua ukurasa mwingine.